Hukumu Kwenye Ngazi za Satyavani

28 Desemba

Ukungu mzito. Mfereji haukuonekana kutoka barazani, na mabinti wa jirani walichora nakshi zao za unga wa mchele mlangoni kwa kukisia tu. Katikati ya ukungu huo akatokea Subbaraju, mwenye ukumbi wa sinema wa Satyavani, amejifunga shali kichwani kama mtu anayeumwa jino. Alikuja kunywa kahawa na kunipasha habari za msimu.

Sikukuu ya mavuno ya Sankranti inatuletea filamu mbili hapa Tanuku. Ya kwanza ni *Ngurumo ya Palnadu*, ambayo steringi wake ni Udaya Bhargav. Nusu ya wanaume wa mji huu humwita kaka ingawa hawajawahi kumtia machoni. Ya pili ni *Nyumba Yenye Milango Sita*, ya waigizaji ambao hata Subbaraju hawajui majina yao. Satyavani ina skrini moja. Siku za sikukuu atazionyesha zote mbili kwa zamu; sikukuu ikiisha, moja itabaki na nyingine itafungashwa virago.

"Na itakayobaki ni ile utakayoitaja wewe, Mwalimu Sarvalakshmi," alisema. "Ukisema kina mama watakuja, wanakuja. Ukisema hawaji, mimi hata taa siwashi."

Sikuona haja ya kujidai mnyenyekevu. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana; karibu kila mama wa mji huu aliwahi kusimama mbele yangu mstarini asubuhi. Onyesho la kwanza likiisha, hupanda ngazi za Satyavani, watu hunizunguka, nami hutoa hukumu. Mji una hakimu wake wa kesi na una mimi.

Mwaka huu kuna ugeni pia. Himaja, mwanangu wa pekee, aliolewa mwezi Mei. Hii ni Sankranti ya kwanza ya mkwe.

2 Januari

Nimekaanga ariselu, vitumbua vya sikukuu, mchana kutwa. Nywele zinanuka sukari guru.

6 Januari

Himaja amepiga simu. Zamani, mwezi huu ukianza, swali lake lilikuwa moja: "Mama, mwaka huu unaipa nafasi filamu ipi?" Leo amesema, "Phani anasema *Ngurumo* itajaa siku nne halafu ibume."

Nikamuuliza huyo mumewe anayajuaje hayo, naye anafanya kazi katika kampuni ya pampu za maji.

"Anauliza watu tu, Mama. Ana namna yake ya kuuliza."

Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

10 Januari

Wamefika kwa treni ya asubuhi, iliyochelewa kwa ukungu. Phanindra ni mwembamba, ana masikio makubwa, na hula taratibu kama anayesoma chakula. Nilikuwa nimetayarisha vyakula vingi kiasi kwamba jani la mgomba alilopakuliwa halikuonekana rangi yake. Badala ya kuusifu mchuzi wa kuku, alimgeukia mume wangu na kumuuliza: "Baba, picha ya kwanza kabisa uliyoiona maishani, ulikaa na nani?"

Viswanadham alikuwa mkuu wa posta; maneno aliyoyasema mezani tangu astaafu yangeweza kuandikwa nyuma ya stempu. Basi alifungua kinywa na hakukifunga mpaka wali ukapoa. Kumbe alikaa na kaka yake aliyefariki. Kumbe walipanda ukuta. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii, na habari ya ukuta nimeisikia leo kupitia kwa muuza pampu.

Himaja alikuwa akimtazama mumewe kwa namna aliyokuwa akinitazama mimi nikiwa jukwaani siku ya zawadi.

12 Januari

Onyesho la kwanza la *Ngurumo ya Palnadu*, alfajiri. Ukungu ulikuwa umeingia hadi sehemu ya tiketi. Vijana walipiga ngoma, wakamwagia maziwa sanamu ya Bhargav iliyosimama juu kuliko nguzo za umeme, na kila alipokunja ngumi kwenye skrini, vipande vya karatasi vilirushwa hewani mpaka tukawa kama tunaangalia filamu kupitia mvua. Nilipotoka nilikuwa na karatasi hadi ndani ya blauzi.

Nikapanda ngazi. Umati ukanyamaza, kama unavyonyamaza kila mwaka, na nikasema:

"Ndugu zangu, tumeona kazi ya mkono uliokomaa. Upo udhaifu katika sehemu ya kati, ambapo nyimbo zimekaa pasipostahili. Hata hivyo, machozi ya dada mtu katika tukio la harusi yatawaleta kina mama, na kina mama wataleta nyumba nzima. Filamu hii itadumu hadi Februari."

Walipiga makofi. Vijana wa chaneli za mtandaoni walikuwa wameninyooshea maikrofoni zao. Sekunde iliyofuata hazikuwapo.

Niligeuka. Chini ya ngazi, Phanindra alikuwa amemsimamisha Varahalamma, muuza samaki, na kumuuliza bila salamu ndefu: "Mama, ile harusi ya dada mtu, ulilia?"

"Nilie kwa lipi?" Varahalamma alijibu kwa sauti ya sokoni. "Mtu anaolewa huku bomu linalipuka! Nilikuwa nawaza chakula cha watu kinaungua."

"Utarudi kuiona?"

"Mwanangu akirudi kutoka Kuwait na kunilipia, nitarudi. Kwa hela yangu? Thubutu!"

Umati ukaangua kicheko. Maikrofoni zote zikaenda huko. "Kaka, na wewe unasemaje, imebamba au imebuma?" kijana mmoja alimuuliza. Phanindra akainua mabega: "Mimi mgeni hapa. Muulizeni huyu mzee, amesinzia dakika ngapi?" Wakacheka tena. Himaja alicheka kuliko wote, mkono begani kwa mumewe.

Nikashuka ngazi peke yangu. Hakuna aliyeona nimeshuka.

13 Januari, Bhogi

Kabla jua halijachomoza tumewasha moto wa kuchoma vitu vya zamani. Jirani alitupa kiti, mwingine akatupa mkeka. Kila aliyekuja kuota moto alikuja na simu mkononi: video ya Phanindra na Varahalamma imezunguka wilaya nzima. "Mwalimu, una mkwe!" waliniambia, kana kwamba nimeshinda bahati nasibu.

Yangu haimo. Wamenikata.

14 Januari, Sankranti

Nitaandika kwa utaratibu, maana siku imekuwa ndefu.

Asubuhi ilikuwa zamu ya kununa. Kwa desturi yetu, mkwe katika sikukuu yake ya kwanza hulala kitandani, akageukia ukuta, akakataa chakula mpaka wakwe wambembeleze na kumuahidi zawadi. Nilikuwa nimetandika kitanda kwa shuka jipya. Saa ya mkononi, zawadi yenyewe, ilikuwa kabatini. Wanawake wa mtaa walijaa sebuleni. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mazuri, kwa kuwa kumbembeleza mkwe ni haki ya mama mkwe na hiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusikika nyumbani mwangu.

Phanindra akalala. Akageukia ukuta. Tukasubiri.

"Mama," alisema kutoka ukutani, "hivi mtu ananuna mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ubembelezwe," nikamwambia.

"Nimeshindwa. Harufu ya bobbatlu inanifikia." Akaketi. "Sitaki kitu. Niongezeeni hizo chapati tamu, basi."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Jirani akasema mkwe wa namna hii hajazaliwa mwingine. Maneno yangu nikayameza. Mtu amepewa haki ya kununa, na hata hiyo anaikataa ili apendwe zaidi.

Mchana tukaenda Satyavani kuona *Nyumba Yenye Milango Sita*. Tangu Himaja alipokuwa mdogo, tukiwa sinema hukaa bega kwa bega, na jambo likimfurahisha hunibana kiwiko. Leo alikaa kati yetu, akamlalia mumewe. Ile nusu ya kwanza ni vichekesho: bibi mjane na wanawe wanaogombea milango ya nyumba. Kila kichekesho, kiwiko kilichobanwa kilikuwa cha upande wa pili. Kuna mahali bibi anahesabu funguo na kukuta moja imezidi. Himaja alicheka hadi machozi, akageuka kumtazama Phanindra kuona kama naye anacheka. Hakugeuka upande huu.

Mapumziko yalipofika nilisema naenda kunyoosha miguu. Nilitoka hadi uani, nikakaa penye pikipiki, nikaangalia ukungu unavyorudi juu ya mashamba yaliyovunwa. Sikuingia tena. Niliposikia viti vinafungwa, nilijipenyeza katika umati uliokuwa ukitoka, nikapanda ngazi.

"Ndugu zangu," nikasema, "ni filamu nyepesi. Ina vichekesho, lakini haina moyo. Mama mwenye heshima zake hatatoka nyumbani kwa ajili yake. Haitavuka juma."

Safari hii makofi yalisitasita. Mwanamke mmoja, macho mekundu, alinitazama kama aliyesikia lugha ngeni. Kijana wa maikrofoni akamkimbilia Phanindra: "Kaka, Mwalimu anasema haina moyo. Wewe je?"

Phanindra akanitazama mimi, si kijana. Akasema, "Leo naumwa koo," akaondoka.

Nilidhani ameshindwa. Nilifurahi kwa muda wa kutoka ngazini hadi getini.

15 Januari, Kanuma

Ushindi! Leo *Ngurumo* imejaza Satyavani maonyesho yote. Watu waliketi kwenye vijia. Viti vya plastiki vililetwa kutoka hotelini. Nilisimama ngazini nikamwambia Subbaraju mbele ya watu wote: "Huu hapa ushahidi. Nani bado anahitaji kuulizwa amesinzia dakika ngapi?"

Subbaraju aliangalia foleni, akaniangalia. "Una hakika, Mwalimu? Nifungashe *Nyumba*?"

"Fungasha."

Amefungasha. Imepelekwa Nidadavole, mji wa jirani.

Mezani Viswanadham alitafuna kwa muda mrefu, kisha akasema: "Lakini leo Kanuma."

"Najua leo ni siku gani."

"Kanuma hakuna anayesafiri. Wakwe wote wa wilaya wamekwama hapa. Leo hata ukionyesha ukuta mtupu, utajaa."

Himaja alitazama sahani yake. Phanindra aliomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Nimezaliwa hapa. Nimewafundisha watoto wa hapa maana ya Kanuma kila mwaka ubaoni. Na nimesimama ngazini mbele ya mji mzima nikaita foleni ya watu waliokwama kuwa ushahidi.

17 Januari

Wakwe wameondoka, mabasi yamejaa. Wetu bado yupo. Ofisi imempa likizo ndefu. Bila shaka hata ofisi inampenda.

18 Januari

*Ngurumo*, onyesho la mchana: watu wa kujaza safu mbili, na mbwa.

19 Januari

Ukungu haukuinuka hadi adhuhuri. Subbaraju hajaja kunywa kahawa.

20 Januari

Nimekwenda sokoni. Varahalamma alikuwa anapanga samaki wake kwa vimo.

"Mwalimu! Hujaenda Nidadavole?"

"Kufanya nini?"

"Kuona *Nyumba*! Jana tumekodi bajaji tatu, mtaa mzima. Nimelia mpaka mtu wa karanga akaniuliza kama nimefiwa." Akakata kichwa cha samaki. "Wewe ulisema haina moyo. Nikamwambia dada yangu, labda Mwalimu ana moyo wa chuma cha pua, tusimlaumu."

Waliokuwapo walicheka, wakiwa wameinamisha vichwa, kama wanafunzi wanavyocheka. Wengi wao nimewafundisha kufanya hivyo.

Njiani nilimkuta Subbaraju amekaa kwenye ngazi zake mwenyewe, ukumbi nyuma yake mtupu. Hakunilaumu. "Watu wa Tanuku wanapanda bajaji kwenda kuona picha niliyoifukuza mimi," alisema. "Mwakani, Mwalimu, labda nimpigie simu mkweo. Usichukie."

Nimerudi nyumbani nikalala, uso ukutani. Nimemwambia Viswanadham kichwa kinauma. Chakula sitaki.

21 Januari

Nimelala hivyo hivyo. Viswanadham alileta uji, akauondoa. Himaja alikuja, akanikanda miguu, akaniuliza kama amenikosea. Nikasema hapana, kwa sauti ya mtu aliyekosewa.

Jioni, jua likiwa bado dirishani, Phanindra aliingia na sinia. Akaliweka sakafuni, akakaa kando yake.

"Mama, mimi kununa sijui, lakini mtu akinuna namjua," alisema. "Na desturi nimeambiwa. Aliyenuna apewe anachotaka. Sema."

Nikasema lile nililolibeba tangu alfajiri ya *Ngurumo*, nikiwa bado nimegeukia ukuta, kwa kuwa mambo mengine hayasemeki uso kwa uso:

"Usizungumze tena kwenye ngazi za Satyavani."

Hakucheka. "Sawa."

"Hata wakikuuliza."

"Hata wakiniuliza. Lakini na mimi nina ombi. Twende Nidadavole uone nusu ya pili."

Nikageuka. Alikuwa anamenya chungwa, macho kwenye chungwa.

"Kiti chako kilikuwa kitupu, Mama. Niliona."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Koo lilikuwa linauma."

Angenitangaza ningemchukia kwa amani. Mtu huyu alikuwa na jiwe mkononi, siku ile nikiwa juu ya ngazi, wazi kabisa, naye akalitia mfukoni. Sina hata haki ya kudai kwamba ni mbaya. Nimekula chungwa lake kwa hasira.

22 Januari

Nidadavole. Ukumbi ulijaa wanawake wa Tanuku, wakajifanya hawajaniona. Himaja alibaki na baba yake. Tulikuwa wawili tu.

Katika nusu ya pili wana wamekwisha kugawana milango. Yule bibi, aliyekuwa akiamuru nyumba nzima, hana mlango wake. Anapita uani. Nyuma ya kila mlango kuna kicheko, na kila anapokaribia kinapungua, si kwa chuki, bali kwa heshima. Basi anajifunza kupita kwa mbali ili wasikatishe. Hakuna maneno hapo. Ni kandambili zake tu uani.

Sitaandika nilifanya nini. Nitaandika kwamba Phanindra hakunigeukia hata mara moja, wala hakunipa leso, wala hakukohoa. Aliangalia skrini mpaka nikamaliza. Hata kukaa kimya karibu na mtu anayelia anajua kuliko mimi, na hilo nalo limeniuma.

23 Januari

Nilimtumia Subbaraju salamu kwamba nitasimama ngazini kabla ya onyesho la mchana. Habari ilienea, Tanuku haina siri. Walikuja wengi kuliko walioingia kuona *Ngurumo* juma zima. Vijana wa maikrofoni wakamvamia Phanindra kwanza. "Kaka, kuna nini?" Akafunga midomo, akaninyooshea kidole. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kurasa mbili usiku kucha kichwani. Niliposimama pale nikaona ni hotuba ya mtu anayetafuta mlango wa uani, nikaiacha.

"Ndugu zangu," nikasema, "siku ya Sankranti nilisimama hapa nikaihukumu *Nyumba Yenye Milango Sita*. Nilikuwa nimeona nusu yake. Niliondoka wakati wa mapumziko, kwa sababu binti yangu alikuwa akicheka na mtu ambaye si mimi. Kisha nikawaambia kwamba filamu haina moyo."

Hata mwenye karanga aliacha kutikisa kikaango. Nilimwona Himaja chini, amejifunika mdomo kwa ncha ya sari.

Halafu Varahalamma, kutoka nyuma: "He! Mwalimu Mkuu! Kumbe na wewe unatoroka kipindi!"

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile pale Satyavani, hata katika filamu za vichekesho. Kilikuwa kicheko cha wasichana wote niliowahi kuwasimamisha juani kwa kosa hilo hilo. Sikukizuia. Nilisubiri kiishe, nikiwa nimenyoosha mgongo, kama ninavyosubiri mstarini.

"Sasa sema, Mwalimu," mtu akapaza sauti, "itabamba au itabuma?"

"Mtakuja mara mbili," nikasema. "Mara ya kwanza na waume zenu. Mara ya pili peke yenu."

Subbaraju aliingia ofisini mwake kupiga simu Nidadavole kabla sijashuka. Himaja alinipokea kwenye ngazi ya mwisho. Alinibana kiwiko, kwa nguvu, mpaka kikauma.

25 Januari

*Nyumba* imerudi Satyavani jana, na foleni imefika hadi daraja la mfereji. Hakuna Kanuma yoyote ya kuisingizia.

Wameondoka kwa treni ya mchana. Saa ya mkononi nimeitia kwenye begi la Phanindra bila kumwambia. Kabla ya safari, Himaja alinionyesha simu yake: ile video yangu ya ngazini imesambaa hadi Hyderabad, na imetazamwa kuliko zote za mumewe zikijumlishwa. Nilimrudishia simu, nikamwambia hayo ni mambo ya kipuuzi na mtu mzima hayafuatilii.

Treni ilipokata kona, nilimwomba Viswanadham simu yake.

"Unataka kumpigia nani? Ndio kwanza wameondoka."

"Simpigii mtu. Nitafutie ile video, uone kama imeongezeka. Halafu nitafutie na ya kwake."